Jino Limezibwa, Ugonjwa Bado Upo: Namna ya Kuzuia Meno Yasioze Tena na Tena

Hii ni hotuba ya daktari wa meno wa kaunti kwa wazazi, walimu wa chekechea na wahamasishaji wa afya ya jamii. Tunaichapisha ili iwafikie pia wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.

Mmekuja kusikiliza habari za meno, jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka usiku wa manane, jino likiwa linapwita na duka la dawa limefungwa.

Leo sitaeleza jinsi jino linavyong'olewa wala linavyozibwa. Hayo yanafanyika kliniki kila siku na wengi wenu mmeyaona. Nataka tuzungumze juu ya mgonjwa anayerudi. Mwaka huu ameziba gego la kushoto. Mwaka ujao ni la kulia. Mwaka unaofuata lile la kwanza limeoza tena, pembeni kabisa mwa dawa tuliyolizibia. Kila safari analipa nauli, anakosa kibarua cha siku, anapiga foleni na kudungwa sindano ya ganzi. Mwisho anakata tamaa na kusema, "Daktari, ng'oa tu. Mimi nimezaliwa na meno mabovu."

Watu waliozaliwa na meno mabovu kweli ni wachache sana. Wengi wanaosema hivyo wana meno ya kawaida yanayoishi katika kinywa chenye hatari kubwa, na hatari hiyo haijawahi kupimwa wala kupunguzwa. Habari njema ni kwamba inaweza kupimwa kwa maswali machache, na inaweza kupunguzwa.

Tatizo hili si dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban mtoto 1 kati ya 4, na mtu mzima 1 kati ya 3, ana meno yaliyooza. Hao ni jirani zetu na watoto wetu darasani.

JINO LINAOZA VIPI?

Tuanze na chanzo. Juu ya meno yetu kuna utando laini, ule unaousikia kwa ulimi asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Ndani ya utando huo wanaishi vijidudu. Ukila au ukinywa kitu chenye sukari, vijidudu hao nao wanakula, na baada ya kula wanatoa asidi. Katika dakika chache tu asidi hiyo huanza kuyeyusha madini ya gamba gumu la nje la jino.

Mungu ametupa dawa yetu wenyewe, nayo ni mate. Mate huosha sukari, huipunguza asidi makali na kurudisha madini kwenye jino. Kazi hiyo huchukua nusu saa hadi saa nzima baada ya kila mlo wenye sukari. Floraidi iliyomo katika dawa ya meno husaidia madini hayo kurudi haraka zaidi na kushika vizuri zaidi.

Kwa hiyo kila siku ndani ya kinywa chako kuna mizani. Upande mmoja kuna sukari ya mara kwa mara, utando usiosuguliwa na mate machache. Upande wa pili kuna mate ya kutosha, floraidi na mswaki. Upande wa kwanza ukizidi siku baada ya siku, jino huanza kuonyesha doa jeupe kama chokaa, hasa karibu na ufizi. Doa hilo bado si tundu. Katika hatua hiyo jino linaweza kupona bila kuchimbwa. Likiachwa, gamba linaporomoka, tundu linatokea, na tundu halizibiki lenyewe.

Sasa mnaona kwa nini kuziba peke yake hakutoshi. Daktari anapoziba jino, anaondoa sehemu iliyooza na kujaza pengo. Ile mizani ameiacha vilevile. Mgonjwa anarudi nyumbani na vijidudu walewale, chai ileile na mswaki uleule. Ni sawa na mtu anayepangusa maji sakafuni kila mvua ikinyesha, na paa la makuti linaendelea kuvuja. Sakafu itakauka leo, na mvua ijayo atakuwa ameinama tena na tambara.

MARA NGAPI, KULIKO KIASI GANI

Jambo moja watu wengi hawalijui ni kwamba idadi ya mara unazokula sukari kwa siku ina uzito mkubwa sana kwa meno. Hili lilionekana wazi katika utafiti uliofanywa katika taasisi ya Vipeholm mjini Lund, Sweden, kuanzia mwaka 1945. Waliolishwa sukari pamoja na mlo walipata matundu machache. Waliopewa peremende za kunata kati ya mlo na mlo walioza meno kwa kasi ya kutisha. Utafiti ule ulifanywa kwa watu wenye ulemavu wa akili ambao hawakuweza kukataa, na leo hakuna daktari mwenye heshima angekubali kuufanya. Waliumia wao. Sisi angalau tusipuuze kilichojulikana kutokana na maumivu yao.

Tufanye hesabu ya siku ya kawaida hapa kwetu. Saa moja asubuhi, chai ya sukari na mahamri. Saa nne, chai tena kazini. Saa saba, soda baada ya chakula. Saa tisa, pakiti ya mabuyu. Saa kumi na moja, chai na kaimati. Saa mbili usiku, juisi. Saa nne usiku, chai ya mwisho kabla ya kulala. Hizo ni mara saba. Ukihesabu nusu saa tu ya asidi kwa kila mara, meno yamekaa ndani ya asidi saa tatu na nusu. Na ile ya mwisho ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ukilala mate hupungua sana na jino hubaki bila mlinzi.

Mtu mwingine anaweza kula sukari kiasi hichohicho katika milo mitatu. Asidi yake itakaa saa moja na nusu. Sukari ni ileile, lakini meno ya huyu yamepata saa mbili zaidi za kupumzika na kurudisha madini.

Pia kuna namna ya kunywa. Mtu anayemaliza soda yake pamoja na chakula amewalisha vijidudu mara moja. Mtu anayeiweka chupa kando na kupiga funda moja kila dakika kumi, kutoka adhuhuri hadi alasiri, amewalisha mchana kutwa. Mabuyu nayo, pamoja na kashata na tende, hunata katika mianya ya magego na kukaa humo muda mrefu. Sisemi tusile. Nasema tuvile pamoja na chakula, kisha tukipe kinywa nafasi, na kati ya mlo na mlo tunywe maji.

Kwa afya ya mwili mzima, Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa ipungue hadi kama gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima, yaani vijiko 6 hivi vya chai. Chupa moja ya soda ya kawaida ya mililita 300 ina gramu 30 hivi. Hiyo peke yake imeshapita.

WEWE UKO KUNDI GANI?

Sasa nifike kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Kwa miaka mingi kliniki za meno zimewapa watu wote ushauri mmoja: piga mswaki, rudi baada ya miezi sita. Lakini watu hawana hatari sawa. Katika miaka ya 2000, wataalamu wa jimbo la California nchini Marekani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, walipanga utaratibu wa kumpima kila mgonjwa hatari yake kwanza, kisha kumpangia matunzo kulingana na hatari hiyo. Nchi nyingi sasa zinafuata njia ya namna hiyo. Haihitaji mashine ya bei ghali. Inahitaji macho, taa, na maswali kama haya. Jiulize wewe mwenyewe, na umuulizie mtoto wako:

1. Je, katika miaka mitatu iliyopita umezibwa jino, umepata tundu jipya, au umeng'olewa jino kwa sababu ya kuoza?
2. Je, sasa hivi una tundu linaloonekana, au madoa meupe ya chokaa karibu na ufizi?
3. Je, unakula au kunywa kitu chenye sukari zaidi ya mara tatu kwa siku kati ya milo?
4. Je, kinywa chako hukauka? Je, unahitaji maji ili kumeza chakula kikavu?
5. Je, unatumia dawa za kila siku, au uliwahi kutibiwa kwa mionzi kichwani au shingoni?
6. Je, unatafuna miraa au muguka?
7. Je, kuna siku unalala bila kupiga mswaki, au unatumia dawa ya meno isiyo na floraidi?
8. Kwa mtoto: je, analala na chupa ya maziwa, uji au juisi? Je, mama yake au anayemlea ana meno yaliyooza ambayo hayajatibiwa?

Ukijibu ndiyo katika swali la kwanza au la pili, wewe uko katika hatari kubwa, hata kama leo huna maumivu. Ishara kubwa kuliko zote kwamba jino litaoza ni kwamba jingine limeoza karibuni. Ukijibu ndiyo katika mawili hayo na pia kinywa chako kikavu, hatari yako imepita kiasi na unahitaji kuonwa mara nyingi zaidi. Ukijibu hapana katika mawili ya kwanza, na ndiyo katika mengine, huenda uko katikati, na daktari atakusaidia kupima. Ukijibu hapana kote, hatari yako ni ndogo. Shukuru, na uendelee hivyohivyo.

NYUMBA MOJA, VINYWA VINNE

Nitawapa mfano wa nyumba moja. Nyumba yenyewe nimeitunga, lakini watu wake mtawatambua.

Kuna binti wa miaka 12. Hajawahi kutoboka jino. Anapiga mswaki asubuhi na usiku, anakula peremende mara mojamoja. Huyu hatari yake ni ndogo. Anachohitaji ni kuendelea na dawa ya meno yenye floraidi, na kuonwa mara moja kwa mwaka. Magego yake ya ukubwani yakiwa na mianya mirefu, daktari anaweza kuyapaka kinga ya kuziba mianya hiyo kabla chakula hakijaanza kuganda humo. Hakuna kuchimba, hakuna sindano.

Kuna kaka yake, dereva wa bodaboda. Anatafuna muguka jioni na kusindikiza kwa soda na pipi. Muguka unamkausha kinywa, na kile anachokunywa kuupoza ni sukari tupu. Ameziba meno mawili mwaka jana. Hatari yake ni kubwa. Akiziba la tatu bila kubadilisha kitu, tutakutana tena kwa la nne. Yeye anahitaji kuonwa kila baada ya miezi mitatu au minne, apakwe vanishi ya floraidi kila anapokuja, na daktari anaweza kumwandikia dawa ya meno yenye floraidi nyingi zaidi, ile ya watu wazima wenye hatari kubwa. Kuhusu muguka, ningefurahi akiacha. Asipoacha leo, basi soda ageuze iwe maji. Hatua hiyo moja anaiweza leo jioni.

Kuna nyanya yao. Ana shinikizo la damu, na miongoni mwa dawa zake kuna inayomkausha kinywa. Fizi zimeshuka kwa umri, na mizizi ya meno imebaki wazi. Mizizi ni laini kuliko sehemu ya juu, huoza upesi. Nyanya anatuliza ukavu kwa kumung'unya peremende, bila kujua kwamba analisha ugonjwa. Namwambia hivi: mama, usiache dawa ya shinikizo hata siku moja. Mwambie daktari wako kwamba kinywa kinakauka, huenda ipo dawa nyingine. Weka chupa ya maji karibu. Ukitaka kitu cha kutafuna, tafuta chingamu isiyo na sukari. Na uje tukupake floraidi kwenye mizizi hiyo kabla haijatoboka.

Na kuna kitinda mimba, wa miaka minne. Meno manne ya mbele juu yameoza hadi karibu na ufizi, kwa sababu kila usiku alilazwa na chupa ya maziwa yenye sukari. Watu watasema ni meno ya utotoni, yatang'oka tu. Lakini magego ya utotoni hukaa hadi miaka 10 au 12. Mtoto mwenye maumivu hali, halali na hasikilizi darasani. Jino la utotoni likitunga usaha linaweza kudhuru lile la ukubwani lililo chini yake. Na mtoto huyu, tusipobadilisha kitu, ndiye mgonjwa anayerudi wa kesho.

Kwa mtoto kama huyu zipo njia zisizomtia hofu. Kuna dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, inayopakwa kwenye tundu kwa kijiti kidogo kwa muda mfupi tu. Mara nyingi huuzuia uozo usiendelee. Mzazi ajue mapema kwamba sehemu iliyooza itageuka nyeusi na kubaki hivyo. Weusi huo ni alama kwamba uozo umekauka. Kuna pia njia ya kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono na kuliziba kwa saruji maalumu inayotoa floraidi, bila mashine wala umeme. Njia hiyo ilianzia hapa jirani, Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya vijiji kama vyetu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi, ile dawa ya fedha, na saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Kwa hiyo mkisikia vitu hivi, msidhani ni vya majaribio.

Mmeona? Nyumba ni moja, sufuria ya chai ni moja, lakini vinywa ni vinne na matunzo ni manne. Tukiwaita wote warudi baada ya miezi sita, binti tumempotezea siku ya shule bure, na bodaboda tumemchelewesha hadi tundu jingine. Kaunti ina viti vichache vya meno na wataalamu wachache kuliko mahitaji. Foleni ikipangwa kwa hatari, mwenye uhitaji mkubwa anaonwa mara nyingi na mapema, na mwenye kinywa kizuri hachoshwi na safari.

YA NYUMBANI, YASIYO NA GHARAMA KUBWA

Kazi kubwa haifanyiki kwenye kiti cha daktari. Inafanyika bombani kwako, au penye ndoo na kikombe.

Piga mswaki mara mbili kwa siku, na moja kati ya hizo iwe ya mwisho kabisa kabla ya kulala. Baada ya hapo ni maji tu. Tazama boksi la dawa ya meno: tafuta neno floraidi na kiwango cha kati ya 1,000 na 1,500. Si lazima iwe ya bei ya juu. Dawa ya bei nafuu yenye kiwango hicho itafanya kazi.

Ukimaliza, tema povu, usisukutue kwa maji. Hili najua ni geni kwa wengi wetu. Lakini ukisukutua kwa kikombe kizima, ile floraidi uliyoinunua umeimwaga shimoni. Tema tu, iache ibaki juu ya meno.

Kwa mtoto, anza jino la kwanza linapochomoza. Chini ya miaka mitatu, dawa iwe kama punje ya mchele. Kuanzia mitatu hadi sita, iwe kama punje ya mbaazi. Mkono wa mtoto haujui kusugua vizuri hadi afike miaka saba hivi, kwa hiyo mzazi amshikie. Chupa ya usiku iwe ya maji peke yake. Ukiona ni vigumu, punguza sukari kidogokidogo kila usiku hadi mtoto asahau. Na mkinunua dawa ya kikohozi ya maji, muulizeni mhudumu kama ipo isiyo na sukari, na mtoto ainywe kabla ya kupigwa mswaki.

Mara moja kwa mwezi, mkae kwenye mwangaza wa mlango na mnyanyue mdomo wa juu wa mtoto. Tazameni karibu na ufizi. Mkiona mstari mweupe kama chokaa, njooni wiki hiyo. Hapo ndipo tunaweza kuponya bila kuchimba.

Mama mjamzito asiogope kliniki ya meno. Matibabu ya meno ni salama wakati wa ujauzito, mradi atujulishe. Vijidudu wa meno humfikia mtoto kupitia mate ya wanaomlea, kwa hiyo kinywa cha mama kikitibiwa, mtoto naye amekingwa.

Walimu wa chekechea, nanyi nawaomba jambo moja. Mtoto anayeshika shavu, anayetafuna upande mmoja, au anayekataa chakula kigumu, msimwache hadi mwisho wa muhula. Mwiteni mzazi siku hiyohiyo.

MASWALI MLIYONIULIZA

Nimepokea maswali kadhaa kabla ya kuanza, nitayajibu kwa ufupi.

Mzee mmoja ameuliza kuhusu mswaki wa mti. Mzee, mswaki wa mti ni mzuri, unasugua utando vizuri ukitumiwa kwa uangalifu na ukafika nyuma kwenye magego. Lakini mwenye hatari kubwa anahitaji floraidi pia. Utumie mti wako mchana, na dawa ya floraidi asubuhi na usiku.

Swali la pili ni la Ramadhani. Futari huanza kwa tende na juisi, zikafuata kaimati na chai, na usiku kucha mtu anaonja hiki na kile hadi daku. Ushauri wangu ni kula vitamu pamoja na futari, kisha baada yake maji. Piga mswaki baada ya futari, kisha tena baada ya daku kabla ya adhana ya alfajiri. Ukifanya hivyo umelinda meno yako na funga yako.

Mama mmoja ana wasiwasi kwamba floraidi huharibu meno, kwa kuwa ameona watu wa Nakuru na Baringo wenye meno ya rangi ya kahawia. Ni kweli, maji ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana floraidi nyingi kupita kiasi, na mtoto akiyanywa meno yakiwa bado yanakua, hubadilika rangi. Dawa ya meno inayopakwa na kutemwa, kwa kiasi cha punje nilizotaja, ni jambo jingine. Hatari huja mtoto akila dawa kama peremende, kwa hiyo isimamie mwenyewe na uiweke mbali na mkono wake.

Na kijana mmoja ameuliza, je, jino lisipouma kuna haja gani ya kuja? Mwanangu, tundu huanza kuuma likiwa limekaribia mshipa wa ndani. Ukingoja maumivu, umeichagua njia ya gharama kubwa zaidi. Na shavu likivimba, ukapata homa, au ukashindwa kumeza au kufungua kinywa, usingoje kliniki ya Jumatatu. Nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Usaha wa jino unaweza kuziba njia ya hewa.

MNAPOKUJA KLINIKI

Siku mtakapokuja tena, msiishie kusema "nataka kuziba" au "nataka kung'oa." Ulizeni maswali matatu. La kwanza: hatari yangu ni ndogo, ya kati au kubwa? La pili: ni kitu gani hasa kinachoniozesha meno? La tatu: nirudi lini? Mkishajibiwa, mwandike nyuma ya kadi yenu ya kliniki, ili hata mkikutana na daktari mwingine aendelee pale mwenzake alipoachia. Mna haki ya kupata majibu hayo, nasi tuna wajibu wa kuyatoa.

Wahamasishaji wa afya ya jamii, ninyi mnaingia nyumba kwa nyumba. Yale maswali manane nawaomba mwende nayo. Mkikuta nyumba yenye mtu ambaye amejibu ndiyo katika la kwanza au la pili, huyo mwelekezeni kliniki kabla hajaanza kulia na maumivu.

Nawaacha na kazi ya usiku wa leo. Hesabu mara ulizotia sukari kinywani tangu asubuhi. Ondoa moja, uweke maji mahali pake. Kisha piga mswaki, tema, usisukutue, ulale. Kesho ufanye tena.

Mlango wa kliniki uko wazi, nami nitakaa hapa kidogo kwa yeyote anayetaka kunyanyua mdomo nimtazame.